Zawadi ya chokoleti kwa mwanaume: maswali yenu ya mwezi huu

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za vijana wa Mbeya wanaotengeneza chokoleti kwa kokoa ya Kyela, mistari kama mitano hivi, basi jamani meseji zilizoingia sijawahi kuona. Nusu nzima ni wadada na wamama wanataka kununulia waume, wachumba, kaka na baba zao, na wanakwama palepale, nichukue ipi, ataipenda kweli, nitaifikishaje. Mimi nimezaliwa Kyela, nimekua kwenye nyumba iliyokuwa inanuka kokoa msimu mzima, kwa hiyo hili jambo lipo moyoni kabisa na nitajibu kwa urefu pale panapohitaji urefu.

SWALI: Dada habari za kazi. Mume wangu anafikisha miaka 40 mwezi ujao, ni fundi magari hapa Mwanjelwa. Kila mwaka namnunulia mkanda au soksi mpaka nimechoka mwenyewe. Nimeona boksi la chokoleti za kutengenezwa hapahapa, elfu 30, nimelipenda sana ila nikimgusia anasema chokoleti ni za watoto na wadada. Ninunue au nitapoteza hela? Halafu zimeandikwa 55, 70, 85, ndo nini hizo? – Mke wa fundi, Mwanjelwa

JIBU: Mdogo wangu, nunua. Ila kwanza niambie, mumeo chai yake anaweka sukari vijiko vingapi? Swali hilo lina maana kubwa kuliko boksi, kuliko utepe, kuliko kitu chochote muuzaji atakachokuambia.

Akisema chokoleti ni za watoto anaongelea ile anayoijua yeye, ya dukani, imejaa sukari na maziwa ya unga na mafuta ya mawese, kokoa yenyewe imewekwa kidogo tu ya kutia rangi na harufu. Kwa hiyo wala hajakosea, ile ni pipi. Hajaonja hii nyingine, basi.

Hizo namba ni asilimia ya kile kilichotoka kwenye kokoa yenyewe, yaani mbegu zilizosagwa pamoja na mafuta yake, na kwenye chokoleti nyeusi kinachobaki karibu chote ni sukari. Ikiandikwa 70, kwenye kipande cha gramu 100 kuna kama gramu 30 za sukari. Ikiandikwa 85 sukari ni kama gramu 15. Sasa watu wengi wanadhani namba ikiwa kubwa basi ndo chokoleti bora zaidi, wanaenda kununua 85 kwa mtu anayekunywa chai ya maziwa vijiko vitatu, anatafuna mara moja, anakunja uso, boksi linaishia kwa watoto na mke amekasirika. Namba ni kama ukali wa pilipili, unaangalia mdomo wa mlaji.

Kama mumeo ni mtu wa kahawa chungu, ile ya Mbozi inachemshwa mpaka inakuwa nyeusi tii na haiwekewi kitu, mpe 80 au 85 bila wasiwasi. Kama ni chai ya rangi na kijiko kimoja, 70 itamfaa kabisa na hapo ndo wanaume wengi wa huku wanapoangukia kwa nilivyoona mimi. Kama ni wa chai ya maziwa tamu, mwanzie 55, au ile ya maziwa yenye kokoa nyingi kama 45 au 50, asubuhi nyingine atapanda mwenyewe. Na kama ni wa kutafuna karanga jioni akiangalia mpira, tafuta yenye karanga au korosho na chumvi ya kukolea kidogo juu, chumvi inamaliza ule utamu wa kitoto anaoulalamikia.

Halafu geuza boksi usome nyuma. Usione aibu, simama palepale dukani usome. Viungo vinaandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo kwenye nyeusi ya 70 cha kwanza kinatakiwa kiwe kokoa na sukari ifuate. Mafuta yawe siagi ya kokoa. Ukikuta mafuta ya mawese au wameandika tu mafuta ya mimea, na bei ni elfu 30, rudisha kwenye shelfu uende zako. Utaijua pia mdomoni: siagi ya kokoa inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo tu ya joto la mwili wako, ndo maana chokoleti nzuri ukiiweka juu ya ulimi bila kutafuna inaondoka yenyewe taratibu na mdomo unabaki msafi. Ile yenye mafuta mengine inaacha utando kwenye kaakaa kama umelamba mshumaa. Wengi wa hawa vijana wanakubali uonje kabla, omba kipande, kivunje karibu na sikio, kinatakiwa kilie "ta!" kikavu. Kikipinda au kikimomonyoka, mtengenezaji hakukipoza vizuri au kimeshapata joto njiani.

Kuhusu boksi lenyewe ushauri wangu ni huu, hela iingie kwenye chokoleti isiingie kwenye karatasi. Haya maboksi meusi yenye maandishi ya dhahabu eti ndo ya kiume, ukifungua ndani kuna vidonge tisa vimelala kwenye plastiki, gramu 90 haifiki. Kwa elfu 30 hiyohiyo muulize muuzaji kama anaweza kukupa vipande vizima viwili au vitatu vya ladha tofauti, vifungwe kwenye karatasi ya kaki na kamba, basi. Fundi anaelewa kitu kilichofungwa vizuri kwa mikono. Usimpelekee gereji, joto na mikono ya grisi haiwezekani, mpe nyumbani usiku akishaoga na kula, kipande kimoja kwenye kisahani na chai yake pembeni, na umwambie usitafune, weka ulimini usubiri. Halafu mwache.

SWALI: Dada, nilinunua boksi la chokoleti Dar kwa ajili ya mchumba wangu, nikapanda basi la asubuhi kuja Iringa, nikaliweka juu kwenye keria. Kufungua nyumbani zimekuwa na weupe kama ukungu. Nimempigia muuzaji anasema mzigo ukishatoka haurudi. Zimeoza? Nimpe au nitupe? Nimelia jamani, ilikuwa hela ya mwezi mzima. – Binti wa Kihesa, Iringa

JIBU: Pole sana mwaya. Usitupe, hazijaoza. Huo weupe ni mafuta ya kokoa yenyewe yamepanda juu, na njia uliyopita inaeleza kila kitu. Basi la asubuhi linakuta jua Morogoro, linapita Mikumi, linashuka Ruaha Mbuyuni saa ambazo joto la pale unalijua mwenyewe, kule juu kwenye keria chini ya bati chokoleti ikalainika. Halafu mkapanda Kitonga, hewa ikabadilika, ikaganda tena. Ila imeganda ovyo, kwa sababu chokoleti ikitoka kwa mtengenezaji imepozwa kwa mpangilio maalum, wenyewe wanaita kutempa, yale mafuta yanajipanga vizuri na ndo yanaipa mng'ao na ule mlio wa kuvunjika. Ikiyeyuka na kuganda yenyewe mpangilio unapotea, mafuta yanakuja juu yanakuwa madoa meupe.

Jaribu hivi, pitisha kidole juu ya doa taratibu. Likiyeyuka na kupotea ni mafuta. Likiwa gumu gumu kama chenga ni sukari, hiyo inatokana na unyevu, mara nyingi mtu ametoa kwenye friji ikatoka jasho. Vyote viwili havina madhara. Ukungu wa kweli una vimanyoya na unanuka, na unatokea zaidi kwenye zile zenye krimu au matunda mabichi ndani, hizo kama zimenuka kweli tupa.

Kumpa kama zawadi kwenye boksi, hapana, usimpe, atadhani umemletea kitu cha zamani na utatumia nusu saa kujieleza. Fanya hivi: siku akija kwenu, chemsha maziwa vikombe viwili, usiyaache yafurike, epua, vunjia vipande vinne vitano humo ndani, koroga mpaka viishe, tia chumvi kidogo sana ya ncha ya kidole na tangawizi kama anapenda. Baridi ya Iringa ya mwezi wa sita na kikombe hicho mkononi, hatauliza boksi liko wapi.

Safari nyingine beba kwenye begi la miguuni, siyo keria, siyo buti ya basi, na uulize upande ambao jua halitawapiga. Funga boksi kwenye magazeti matabaka mawili matatu kisha kwenye kitenge, hapo joto linachelewa kuingia. Ukiweza panda basi la usiku. Na ukishafika nyumbani usikimbilie friji. Chokoleti inataka nyuzi 15 mpaka 18 hivi, na nyumba zetu za Iringa, Mbeya, Njombe, Makete miezi mingi ziko karibu na hapo zenyewe, kabati la chumbani mbali na jiko linatosha. Friji lina unyevu na lina samaki wa jana na vitunguu, na chokoleti inavuta harufu ya kila kitu kilicho jirani yake. Wa Kyela na wa Matema ndo hamna jinsi, kule chini ni joto, ninyi wekeni friji ila ndani ya kopo linalofunga kabisa, na mkilitoa msilifungue mpaka kopo lenyewe lipoteze ubaridi.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Njombe, mwezi ujao naenda kujitambulisha kwa wazazi wa mwenzangu Tukuyu. Nataka nimbebee baba mkwe chokoleti nzuri ya Kyela, ila mshenga ananiambia nitaonekana mtoto. Na nimesikia mzee ana kisukari, lakini muuzaji kasema nyeusi haina shida. – Mkwe mtarajiwa, Njombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Msikilize mshenga, yeye ndo anajua nyumba ile inataka nini, na vile walivyotaja wao ndo vinatangulia. Chokoleti isikae kwenye orodha hiyo kabisa. Ukishakubaliwa, mkishakula, siku ya pili au safari ya pili, hapo unampa mzee kwa mikono miwili kama kitu chako binafsi.

Na huyo muuzaji asikudanganye. Nimeshasema juu, 70 ina sukari kama gramu 30 kwenye gramu 100, hata 85 inayo. Kwa mtu mwenye kisukari hilo siyo la kuamua wewe wala muuzaji, muulize binti yao mzee anakula nini na daktari wake amemwambiaje. Ipo chokoleti ya asilimia 100 ambayo haina sukari kabisa, ni chungu hasa, na ipo poda ya kokoa tupu ya kukoroga kwenye maji ya moto, ila hata hizo uliza kwanza. Ikionekana haifai kabisa mpelekee majani ya chai mazuri ya hukohuko Rungwe, hajakosa kitu. Na ukifika useme "ugonile", hata kama utaisema vibaya, watafurahi.

SWALI: Kuna mtu anauza chokoleti nyeusi huku Tunduma anasema inaongeza nguvu za kiume, bei yake mara tatu ya nyingine. Nimnunulie mume wangu? – Msomaji, Tunduma

JIBU: Usinunue. Kokoa ina kafeini kidogo na kitu kinaitwa theobromini, vinamchangamsha mtu kidogo kama kikombe cha chai, na kazi yake inaishia hapo. Kama mumeo ana tatizo hilo kweli, nendeni hospitali wote wawili mkiwa mmeshikana, kwa sababu mara nyingi ni dalili ya presha, sukari au moyo, na mtu akikaa anatibiwa na pipi za bei kubwa ule ugonjwa wenyewe unaendelea kukua ndani. Nalisema hili bila kuzunguka kwa sababu nimeona watu wamechelewa.

Na kwa kuwa nimetaja theobromini, wenye mbwa: hiyo kwa mbwa ni sumu, nyeusi ndo mbaya zaidi. Boksi lisiachwe kwenye meza ya chini.

SWALI: Mama shikamoo. Mimi na mwenzangu tuko Mbeya mjini, tunatengeneza chokoleti kwa kokoa ya Kyela, tuna mashine moja ndogo ya mawe. Tumeona wanunuzi wengi wananunulia wanaume zawadi, tunataka kutoa boksi la wanaume, jeusi, lenye jina la Kiingereza na picha ya simba. Shida watu wanasema bei kubwa, na hatujui tuweke ladha zipi. – Vijana wa Soweto, Mbeya

JIBU: Marahaba wanangu, nimefurahi mpaka nimeisoma barua yenu mara mbili.

Simba mwacheni porini. Andikeni KYELA, kwa herufi kubwa, mbele, halafu chini yake kijiji kama mnakijua, Ipinda, Matema, Ngonga, popote mlipochukua mzigo. Mnajua kule Kilombero kuna kampuni inaitwa Kokoa Kamili, iko Mbingu, inanunua kokoa mbichi kwa wakulima na kuivundika na kuikausha yenyewe, na kokoa hiyo inafika mpaka San Francisco Marekani kwa watengenezaji wanaoitwa Dandelion, na kwenye karatasi ya chokoleti yao wameandika jina la Kokoa Kamili na Tanzania. Mtu wa San Francisco anasoma jina la Tanzania kwenye karatasi na analipia kwa sababu hiyo. Sehemu kubwa ya kokoa ya nchi hii inatoka Kyela, halafu sisi wa Mbeya, kilomita mia na kitu tu kutoka shambani, tuifiche chini ya simba na Kiingereza? Mwanaume wa Kinyakyusa aliyesomeshwa kwa kokoa ukimpa boksi limeandikwa Kyela atalishika tofauti kabisa.

Bei msiishushe, ielezeni. Watu hawajui kazi iliyomo. Waambieni kwamba tunda linapasuliwa, ndani kuna mbegu 30 au 40 hivi zimevikwa ute mweupe mtamu, zinawekwa kwenye boksi la mbao zinafunikwa na majani ya migomba, zinageuzwa, siku tano mpaka saba zinachemka zenyewe kwa joto, nyumba nzima inanuka kama siki, na bila hiyo hatua hakuna ladha ya chokoleti duniani, kokoa ambayo haikuvundikwa hata uikaange vipi haitoi kitu. Halafu kuanika karibu wiki. Halafu ninyi mnachambua, mnakaanga, mnapepeta maganda, mnasaga kwenye mawe siku mbili tatu usiku na mchana mkiomba umeme usikatike. Andikeni hayo kwenye kikaratasi kidogo ndani ya boksi, kwa Kiswahili, mistari sita. Na mwaka 2024 bei ya kokoa kwenye soko la New York ilipita dola 10,000 kwa tani kabla ya kushuka tena, kila mtengenezaji duniani aliumia, hilo nalo mteja akiambiwa anaelewa.

Ila bei kubwa inawadai na ninyi. Mkienda kununua mzigo msinunue kwa kuangalia gunia. Chukueni mbegu kama 50 kutoka sehemu mbalimbali za gunia, muikate kila moja kwa urefu na kisu. Ikiwa ndani ni kahawia na ina mipasuko mipasuko, imevundika vizuri. Zambarau, bado kidogo. Kijivu kama jiwe la kunolea, haikuvundika kabisa, hiyo itakuwa chungu na ya kukaza ulimi hata muweke sukari kiasi gani. Nuseni pia kama kuna moshi, nitaeleza chini kwa nini. Na tafadhali, msinunue njuti. Mnajua mkulima anavyouza kokoa ikiwa bado juu ya mti kwa sababu ada ya mtoto imefika, anapewa hela ya kutupa, mimi nimeona hiyo kwa majirani zetu na siwezi kula chokoleti iliyotoka hapo.

Ladha: kahawa ya Mbozi iliyosagwa laini, weka hiyo ya kwanza kabisa, wanaume wataianzia hapo. Chumvi. Karanga za kukaanga. Tangawizi kavu, siyo mbichi, na juisi za matunda msithubutu kumwaga humo maana tone la maji likiingia chokoleti inashikana inakuwa kama udongo. Ladha nne zinatosha, msijaze kumi. Kwenye kutempa nyeusi, iyeyusheni mpaka nyuzi 45 hivi au 50, ishusheni mpaka 27 au 28, muipandishe tena 31 au 32 ndo mmimine, nunueni kipima joto kizuri badala ya kununua boksi la dhahabu. Nembo ya TBS hakikisheni mnayo, usajili wa chakula uko kwao tangu 2019, na SIDO Mbeya nendeni mkaulize, kazi yao ni viwanda vidogo kama chenu.

Na tengenezeni kipande kidogo cha gramu 25 au 30. Mwanaume hanunui boksi kujinunulia mwenyewe, ila kipande kidogo akiwa stendi anasubiri gari atanunua, akipenda ndo mke atasikia.

SWALI: Shikamoo dada. Baba yangu ana miaka 71, yuko Ipinda, analima kokoa tangu sijazaliwa. Wote watano tumesoma kwa kokoa. Juzi nimekaa nikawaza, huyu mzee chokoleti nzuri hajawahi kula maisha yake yote. Nataka kumpelekea Krismasi. Nimpelekee ipi, na nimpeje asione namletea mambo ya mjini? – Mtoto wa mkulima, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba kaka yangu. Barua yako niliisoma nikanyamaza muda, kwa sababu nami nilichelewa hivyohivyo.

Wangu nilimpelekea miaka michache iliyopita, kipande cha 70 kimetengenezwa Mbeya kwa mbegu za kwetu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza, asilimia hivi, viungo hivi, weka ulimini. Hakunipa nafasi. Alikipokea, akakigeuza, akakinusa kwanza, muda mrefu, kama anavyonusa kokoa kwenye kichanja. Akavunja kona ndogo akaweka mdomoni, akaangalia nje. Mi nasubiri aseme tamu au chungu. Akasema, "Hii walianika wakati wa mvua, wakamalizia kwenye moto." Nikamuuliza amejuaje, akasema moshi uko mwishoni, ukishameza. Niliporudi Mbeya nikamuuliza mtengenezaji, akashika kichwa, ni kweli, mzigo ule aliununua mwezi wa nne, na unaijua mvua ya Kyela ya mwezi wa nne, haianikiki kitu, wengine wanakaushia jikoni. Yeye mwenyewe alikuwa anausikia ule moshi na hajui umetoka wapi. Baba yangu aliujua kwa kona moja, na ilikuwa chokoleti ya kwanza nzuri kuila.

Kwa hiyo kaka, usiende kumfundisha. Mpelekee mbili, zote nyeusi, zote 70, za watengenezaji wawili tofauti au vijiji viwili tofauti, moja ikiwezekana ya Kilombero. Usimpe usiku wa sikukuu watu wakiwa wengi, mpe asubuhi mkiwa wawili, na maji ya uvuguvugu ya kusukutua katikati. Muulize tu, baba ipi imevundikwa vizuri? Halafu kaa chini, maana hayo maongezi hayataisha haraka. Kama meno yanamsumbua, usimpe yenye karanga. Joto la Ipinda unalijua, ibebe kwenye kopo linalofunga na uiweke penye ubaridi kuliko pote ndani.

Na uliza kitu kimoja zaidi kabla hujaondoka Dar. Baadhi ya hawa watengenezaji wadogo wanakubali kusaga mzigo wa mtu, kilo chache tu, mashine zao za mawe zinabeba hivyo. Baba yangu aliposikia hilo alienda ndani akarudi na mfuko, kilo tano za kwake, za jua tupu, amezichambua moja moja. Nikazibeba mpaka Mbeya mapajani. Kilo tano ukitoa maganda na ukiongeza sukari ya 70 zinatoa vipande 50 na kitu vya gramu 100, na ndivyo zilivyotoka. Nilimrudishia vyote. Vingi aliwagawia wenzake anaopeleka nao kokoa ghalani, kila mmoja nusu kipande, wakakaa wanabishana kama kokoa yake ilivundikwa siku sita au saba. Viwili bado anavyo kwenye sanduku lake, hataki viguswe.

Mfikishie mzee wako shikamoo yangu.